Nilivyolitetea Jicho la Kulia

Jumatatu, 4 Machi
Uzi umegoma kuingia kwenye sindano. Nimeulaumu uzi, nikailaumu sindano, nikailaumu balbu. Kumbe jicho la kulia lina ukungu! Kichwa kinagonga juu ya nyusi, pua imeziba wiki ya tatu. Binti yangu anasema twende hospitali. Ana haraka ya kunizika huyu.

Jumanne, 5 Machi
Muuguzi kaniletea ubao wa alama, eti wa wasiojua kusoma, nioneshe kwa kidole kila alama imeelekea wapi. Mimi! Darasa la tatu nimemaliza. Nikamwambia lete herufi. Mzee aliyenitangulia alizisoma kwa sauti ya mnadani, nami nikazishika zote. Nikafunikwa jicho la kushoto, lile zima, nikazimwaga bila kigugumizi. Muuguzi akasema eti bibi ana macho ya msichana! Nikapewa matone, nikarudi. Ushindi mkubwa.

Alhamisi, 7 Machi
Jicho limevimba, limetokeza kama linachungulia ya watu. Kitambaa chekundu nakiona cha kahawia. Binti kauliza mbona kola nimeishona juu chini. Ndiyo mtindo, nikamjibu.

Ijumaa, 8 Machi
Nimepelekwa mzobemzobe. Daktari wa pua kapiga picha ya kichwa: usaha umejaa kwenye matundu ya mifupa nyuma ya pua, unaubana mshipa wa jicho. Upasuaji leo leo, kupitia puani. Jicho liumwe, pua ichokonolewe — elimu hiyo!
Akashika cheti cha Jumanne. Hapa uliona vizuri, bibi, sasa limeharibika lini? Kila siku ina uzito. Binti akadakia: mama aliona vizuri, nilikuwepo. Nikatazama viatu vyangu. Viatu vizuri sana.
Nikasema: nilikariri.
"Mama wewe!" Binti akageukia ukuta. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 10 Machi
Pua imejaa pamba, napumua kwa mdomo kama samaki. Naandika kwa jicho la kushoto. La kulia limefungwa, daktari kasema haahidi kitu. Asante kwa kunichangamsha.
Muuguzi yuleyule kaingia na ubao wa herufi, eti alifungue kidogo alipime. Nikamwambia leo lete wa alama. Binti yuko dirishani, kanipa mgongo. Wanaanza na mwenzangu wa kitanda cha pili, na mdomo wake huo — juu! kulia! chini! — wodi nzima inasikia. Naiweka kalamu. Nahitaji mikono yote miwili kuziba masikio.