Mukeka Yako, Baba, na Kaskazini ya Madamu

Baba,

Amani ikufikie kule uko. Mama iko muzima, mi pia. Nimeingia darasa ya saba, na kichwa yangu imevurugika tangu siku ya kwanza. Mutu wa kuniambia ukweli alikuwa we, na we njo haupo.

Madamu wa somo ya jamii ni mupya, ametoka Lilongwe. Alitutoa inje asubuhi, jua lingali chini, akauliza: "Kumpoto, ile kaskazini, iko wapi?" Aii Baba, mi njo nilikuwa wa kwanza kuinua mukono! Si ulinifundisha kama ukiwa hapa Malawi, Makka iko kaskazini? Na mukeka yako ya kusalia si inaelekea Makka? Basi nikaonesha upande wa pompi ya maji, upande ule mukeka yako inaelekea tangu nizaliwe.

"Iyayi, hapana, Mwajuma," Madamu akasema. Akanishika bega: mukono wa kuume unyooshe kwenye jua linatokea, basi uso wako unaangalia kaskazini. Uso ukaangalia kanisa. Pompi ilikuwa pembeni kabisa. Batoto bakacheka mupaka Madamu akabakataza.

Akatupa kazi: kila mutu achore ramani ya nyumba yao, aweke mushale wa kaskazini, na juu aandike "Kwetu". Turudishe Ijumaa, atazibandika ukutani.

Nilifika nyumbani hata sikula. Nikasimama kwa mukeka yako, nikanyoosha mukono. Kweli, imepinda. Nikamwambia Mama. Alikuwa anapanga vitenge, maana sasa ni yeye anaenda kuvichukua Lilongwe. Akasema, "Baba yako njo alitandika vile. Usiguse." Akaanza kukunja vitenge vyenye vilikuwa vimeshakunjwa.

Njo nikakumbuka. Siku moja nilikuuliza kwa nini musikitini unasimama hivi na nyumbani hivi. Ulicheka mupaka kofia ikataka kuanguka. "Musikitini nasimama na bantu ya hapa," ukasema. "Mu nyumba yangu nasimama vile babu yako alinisimamisha kule Kindu, kwenye nilizaliwa." Kule, ulisema, ukielekea Makka, jua la asubuhi linakupiga kwa jicho la kuume. Mi nilizani ni muchezo. Kumbe ulijua! Ulijua imepinda, ukasali juu yake miaka yote. Ao hukujua? Nitamuuliza nani sasa?

Na ni we ulikataa kujenga na matofali. Majirani bote bamejenga, we unasema tu, mutu hajengake njiani, siku moja tutarudi Kindu. Siku Madamu alisema kwa Malawi kwenu ni kwenye makaburi ya bantu yenu iko, niliinamisha kichwa. Kama ni vile, kwetu ni hapa kwenye tulikuzika, na ni we umepafanya kwetu. We mwenye ulikataa! Baba, nilikukasirikia mu darasa, nikalia, nikasema ni vumbi.

Leo Alhamisi nikaenda kwako. Nilisimama pembeni ya kaburi, nikanyoosha mukono kwenye jua linatokea. Bazee ya musikiti balikulaza kwa ubavu wa kuume, na uso wako unaangalia sawasawa na kaskazini ya Madamu. Haiko upande wa mukeka hata kidogo. Nilitaka kubagombeza: nani aliwaambia mumugeuze? Halafu nikafikiri, labda unapumzika vizuri. Sijui. Kweli sijui.

Nikarudi, nikachora. Nyumba, njia, pompi, kaburi yako, mushale wa kaskazini umenyooka. Mukeka niliichora imepinda, maana iko imepinda. Mama akashika ramani, akaiangalia sana.

"Kule amelala, uso wake unaangalia wapi?"

Nikamuonesha na mukono.

Akanirudishia ramani. Wakati wa magaribi akainama, akashika ncha ya mukeka, akaigeuza polepole. Akasema, "Basi tuangalie kwenye anaangalia." Tukasali vile, mi na yeye, na mi nilikosea rakaa juu ya machozi.

Ramani imeisha, ila pale juu pa kuandika "Kwetu" pangali peupe. Kesho nitarudisha. Pengine nitaandika asubuhi, pengine Madamu atanigombeza.

Lala salama, Baba yangu. Mukeka ilipotoka, alama yake imebaki kwa udongo, imepinda vilevile, laini kwenye magoti yako yalikuwa. Mama anataka tusiribe sakafu juma lijalo. Nimemwambia pale tuparuke. Na siku nitafika Kindu, nakuahidi, nitaitandika vile ulinionesha, jua kwa jicho la kuume, na pale haitakuwa imepinda.

Mutoto wako,
Mwajuma