Kuku wa Bwana Mapaja

Jumanne, 4 Juni

Nimefanya. Lori liko yadini kwetu, geti limefungwa, na kuku wa Bwana Mapaja wamo ndani, wamegandishwa kama mawe. Hatoki hata mmoja mpaka alipe nauli zangu za miezi yote hii. Jina lake halisi analo, lakini mtu anayeuza mapaja ya kuku kila mji na kulipa kwa "kesho, dada, kesho" atajibeba na hili nililompa.

Mdogo wangu, ndiye dereva, kalirudisha lori shingo upande. Mzigo wa watu ni wa watu, anasema. Na jasho la watu je?

Wakili anasema sheria iko nami. Msafirishaji asiyelipwa ana haki ya kuuzuia mzigo. Kuuzuia tu! Si kuuuza, si kuufungua. Mlango umefungwa kwa lakiri, muhuri wa Bwana Mapaja, nikiikata mwizi ni mimi. Na wakati wote niutunze kama mtoto wangu wa kumzaa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni – hawa wamenifunga mimi.

Jumatano, 5 Juni

Mashine ya ubaridi inanguruma mchana na usiku. Jirani kaja kuuliza kama tumefungua kiwanda. Dizeli inakwisha nikiiangalia.

Bwana Mapaja kapiga simu. Nilidhani anataka tuelewane. Wapi! Alikuwa anacheka. Nishikilie tu, anasema, kuku wakiharibika atanidai kuku wote na lori atalichukua.

Lori! Ndilo pekee alilotuachia marehemu mume wangu. Ndilo karo, ndilo kodi ya nyumba, ndilo mshahara wa mdogo wangu. Sina kingine duniani cha kunyang'anywa.

Mama, ambaye hakuna simu inayompita humu ndani, kasema njia ya mwongo ni fupi. Labda. Ila ya huyu ina lami.

Ijumaa, 7 Juni

Mahakamani tangu asubuhi. Tunaomba kuku wauzwe kabla hawajaharibika, hela ishikwe na mahakama mpaka ijulikane ni ya nani. Ombi zuri, hata mtoto angelielewa. Hakimu yuko semina. Rudini Jumatatu.

Nikamwambia karani kuku hawawezi kungoja. Hakunyanyua hata macho. "Mama, hapa kuna watu wanagombea mashamba tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Nao wanangoja."

Wakili kasema nisikate tamaa. Kasema hivyo akitafuna kifuniko cha kalamu. Huyu akitafuna kalamu najua mambo ni mabaya.

Jumamosi, 8 Juni

Kituo cha mafuta wamekataa kunikopesha tena. Dizeli iko chini kabisa. Nikamwambia mdogo wangu azime mashine, tutaiwasha nikipata hela.

Kaniangalia. "Dada, hawa si maharage."

"Zima."

Kazima. Kimya! Wiki nzima naulaani ule mngurumo, leo umenyamaza na mimi nikakosa pa kuushika moyo wangu. Jirani kanipungia mkono kwa shukrani. Nilitaka kumrushia kiatu.

Jua lilikuwa kali kweli. Mchana nilikuwa nabembeleza wanunuzi – nilikuwa nauza friji yetu ya nyumbani. Ndiyo. Nimeuza friji yangu ili kuku wa mtu wapate baridi. Mama alisimama mlangoni akiangalia inavyobebwa, akarudi kupanga vyungu.

Niliporudi na dizeli alasiri nikakuta maji yanadondoka chini ya mlango wa lori. Hayakuwa meupe. Yana wekundu. Mdogo wangu alikuwa ameshatega ndoo. Tukawasha, tukasimama pale tu mpaka matone yakakoma. Ndoo niliimwaga mwenyewe, nyuma ya choo.

Jumapili, 9 Juni

Kuku wakiyeyuka kisha wakagandishwa tena hushikana, huwa jiwe moja, na chini yao barafu nyekundu. Kila mwenye friji analijua hilo. Nami nilikuwa nayo mpaka jana.

Kwa hiyo ushahidi dhidi yangu umo nyuma ya ule mlango, umegandishwa vizuri, na dizeli yake nailipia mimi. Ha!

Nikiiacha mashine iwake, nafilisika. Nikiizima, wanaoza na lori linakwenda. Nikiwaachia kuku, haki yangu inakwisha pale pale na nauli sizioni tena. Nimezunguka pande zote. Sioni mlango.

Jumatatu, 10 Juni

Hakimu karudi, mpole, ana mafua. Wakili wa Bwana Mapaja kasema hakuna ajuaye hali ya kuku, watauzwaje? Wakili wangu kasema wametunzwa vizuri tangu siku ya kwanza, kisha akanigeukia. Nikaitikia kwa kichwa. Kichwa tu. Mdomo ulikataa.

Amri imetoka. Jumatano ofisa wa mahakama na mkaguzi wa nyama wakate lakiri, pande zote mbili zikiwepo. Wakiwa wazuri, wauzwe. Wakiwa wameharibika kwa uzembe wangu, Bwana Mapaja aanze kudai fidia.

Wakili kanishika mkono kwa furaha. Tumeshinda, mama! Sikuweza kumwambia. Nimeona aibu, na nimeogopa.

Jumanne, 11 Juni

Mama kauliza mbona sili. Nimesema sina hamu.

Jioni mdogo wangu kaja kukaa nami kwenye ngazi. Wakiuliza, anasema, atajibu kwamba aliizima yeye. Alisinzia, akasahau. Dereva mzembe, basi, huenda bosi wake akaonewa huruma.

Nikamuuliza, na nani atakuajiri tena? Kacheka. Kasema atakwenda kufuga kuku.

Ilibidi nimkatalie. Badala yake nimemwambia twende tukalale.

Jumatano, 12 Juni

Wamefika. Naandika nikiwa kwenye kabini ya lori, ofisa kasema nisubiri humu mpaka niitwe. Bwana Mapaja kaja na viatu vipya, ananukia mpaka huku. Mkaguzi kavaa gamubuti nyeupe. Ofisa ana koleo mkononi, lakini hajakata lakiri. Anataka maelezo kwanza: nani alikuwa anaangalia mashine, na je, iliwahi kuzimwa?

Kamwita mdogo wangu kabla yangu. Namwona kwenye kioo cha pembeni. Kavua kofia. Ofisa anauliza kitu, sisikii, mashine inanguruma. Mdogo wangu anainama kidogo, kama anavyofanya kwa wakubwa. Sasa anajinyooshea kidole kifuani.

Ofisa anaandika.

Kitasa cha mlango kiko hapa, karibu na goti langu. Ni kukivuta tu, nishuke, niseme. Mkaguzi anaangalia saa. Bado naandika.