Tumbo Langu na Koito ya Chebet

Jumatatu, 4 Novemba 1996
Uji, kijiko kwa kijiko. Umekaa. Nusu yai. Limerudi. Nikaenda shule, nikafundisha kugawanya, nikatapika nyuma ya choo cha walimu, nikarudi kufundisha. Ndiyo maisha tangu Februari, daktari wa Nairobi aliponipasua na kulibana tumbo kwa pini za chuma, likabaki kama ngumi ya mtoto. Sukari imeshuka. Presha imeshuka. Magoti hayanisumbui nikipanda kilima. Anayejua ni Kipkoech, mume wangu, peke yake. Wengine tuliwaambia nilienda semina. Nani angetangaza kwamba alishindwa kufunga mdomo mpaka akafungwa na daktari?

Ijumaa, 8 Novemba
Nywele zinatoka na kitana. Nyayo zina ganzi. Nilipokuwa mnene waliniita Lori, mbele yangu, tukicheka. Sasa hakuna anayenitania. Afadhali ile Lori. Leo sokoni mama wa viazi ameweka chenji yangu juu ya gunia. Siku zote huniwekea mkononi. Mwaka huu tumezika wengi waliokonda, na najua anachofikiria. Mjinga huyo.

Nimepima damu, sina ukimwi. Lakini utapita nyumba kwa nyumba ukisema huna? Ukianza kujitetea ndio wanaamini kabisa.

Jumapili, 17 Novemba
Nimeharibu. Woi, nimeharibu.

Wageni walikuja kutoka Londiani, wazazi wa kijana pamoja na wazee wao, kumwomba Chebet, kifungua mimba wangu. Kwetu anayemimina mursik, maziwa ya kibuyu, huonja kwanza mbele ya wageni. Senge Tapsabei, yaani shangazi wa watoto, dada ya Kipkoech, alikuwa tayari kumimina. Nilikataa. Mama wa msichana ni mimi. Maziwa yalipita vizuri, nikaona Mungu yupo. Halafu mama ya kijana akanimegea tonge la kimyet, ugali wetu, kwa mkono wake mwenyewe, akasema, "Kula, mama, umeisha sana." Tonge kama hilo hukatai. Ukikataa umekataa ndoa. Nikameza. Likakwama hapa kifuani. Sikufika mlangoni. Nilitapikia viatu vya mzee wao.

Chebet alipiga magoti akapangusa sakafu na ile nguo yake mpya. Wageni walikumbuka kwamba kwao ni mbali.

Jumanne, 26 Novemba
Senge ameleta jibu. Kijana bado anamtaka Chebet. Wazee wake ndio wanaogopa nyumba yetu. Koito, ile siku yenyewe ya kukubaliana mahari, itakuwepo ikifanyiwa Bomet, kwa Senge. Na mimi nisipike, nisimimine, nisionekane.

Nikamwambia Senge ukweli wote. Alicheka, halafu akaanza kulia. "Mtu ana shamba, ana ng'ombe, amlipe daktari amzuie kula? Mwalimu, tafuta uongo mwingine." Nikainua blauzi, nikamwonyesha kovu. Akageuza uso. Akasema pole, eti hata hao wagonjwa siku hizi wanapasuliwa.

Kipkoech alikuwa hapo hapo. Alisema ni kweli, ni operesheni ya unene. Alisema mara moja, kwa sauti ya kuomba msamaha, kisha akaenda kuangalia ng'ombe. Leo namchukia.

Alhamisi, 5 Desemba
Nairobi. Daktari amepitisha mpira kooni. Mlango wa tumbo ulikuwa umejibana, ameupanua. Ganzi ya miguu ni kukosa vitamini, nimedungwa sindano. Anasema nitapona. Nimekula nusu ndizi, imekaa. Nilipaswa kufurahi. Nilikaa kwenye benchi nikalia mpaka nesi akaniuliza nimefiwa na nani.

Chebet, aliyenisindikiza, ameapa kwamba bila mimi hakuna koito. Nilitaka sana kumwambia asante, mwanangu, kataa. Lakini akikataa, atabaki nyumbani akiitwa binti wa yule mwenye ugonjwa, na nani mwingine atakuja? Nikamwambia utaenda. Nilitumia ile sauti ya darasani, sauti ambayo haijibiwi.

Jumatano, 11 Desemba
Nimetembea hadi kwa mama wa viazi, nikanyoosha mkono, nikangoja chenji. Nimengoja mpaka watu wakaanza kutazama. Ameiweka mkononi. Upuzi mtupu. Nimerudi nyumbani.

Jumamosi, 14 Desemba
Mvua asubuhi. Wote wameenda Bomet. Kipkoech alisimama mlangoni na koti lake, akataka kusema kitu, akauliza kama kuna kuni za kutosha. Nikasema zipo.

Nimekama. Nimechuma majani ya chai mvua ilipokatika. Nimechemsha viazi vidogo, nimekula polepole, havikurudi.

Jioni Chebet amerudi, siagi ya baraka waliyompaka wazee ikimetameta kichwani. Amenisimulia yote: ng'ombe waliokubaliana, nyimbo, mzee wa Londiani aliyesinzia katikati ya hotuba yake mwenyewe. Nimecheka. Kisha nikamuuliza walipomwita mama wa msichana, ilikuwaje.

Alitazama chini.

"Senge alisimama."

Nikauliza kama alijibu vizuri. Akasema alijibu vizuri sana.

Nimemwambia aoshe nywele kabla ya kulala, siagi itachafua mto. Amesema angependa ikae mpaka kesho. Nikasema sawa.