Mkono wa Kulia

Shosho,

Shali limekwisha. Naanza na hilo kwa sababu nakujua, hungenivumilia nikuulize hali kwanza wakati kuna kazi ya kueleza.

Tuko Riyadh sasa, mtaa wa Malaz. Ulipotutoka, mwanao, Madam wangu, alishindwa kukaa katika ile nyumba ya Jeddah. Tukahamia kwa Salma, mjukuu wako, tumbo lake likiwa tayari kubwa. Makaburini sikwenda, si unajua wanawake hawaendi, lakini finjani yako niliibeba mwenyewe safari nzima, nimeiviringishia soksi. Kwenu Tibeti mlizungusha kijiti cha kusokotea ndani ya bakuli la mti. Kule kwetu Al-Safa, Jeddah, wewe ulikizungusha ndani ya finjani ya kahawa, na wageni wakidhani umerukwa na akili.

Unakumbuka siku ya kwanza? Nilijigamba kwamba kwetu Murang'a tunasokota katani pajani na kusuka viondo, sufu itanishinda nini? Nikapandisha dera nikaanza. Ulicheka hadi ukafuta machozi. "Mafi! Mafi!" Yaani hapana, siyo hivyo. Ukanikalisha mbele yako, goti kwa goti, ukanipa sufu uliyonyoa kwenye ngozi ya kondoo wa Idi. "Yalla, tena." Kiarabu changu kilikuwa cha jikoni tu, lakini vidole vilielewana. Mimi natumia kushoto. Chai ulinilazimisha niipokee kwa kulia, ila kusokota ukaniachia kushoto kwangu, na kwa kuwa tulitazamana, mikono yetu ilikwenda pamoja kama mtu na kioo chake. Kwa miaka miwili hakuna kati yetu aliyeona kosa.

Kila mtoto wa nyumba yako amepokewa kwa shali la uzi wako, Madam akilifuma. La mtoto wa Salma uliliacha nusu. Ulibakisha bonge moja la uzi mwembamba, nao ulihitaji mwenzake wa kusokotwa nao ndipo uwe na nguvu. Madam akaniuliza, "Nyambura, utaweza?" Nikamjibu naweza, tena kifua mbele. Nilitaka mtoto afunikwe na uzi wako na wangu.

Nikasokota wangu. Mzuri, Shosho, hungeutia dosari. Kisha nikaushika pamoja na wako, nikazungusha. Wangu ukajikunjakunja. Wako ukafumuka, ukarudi kuwa sufu, ukakatika mbele ya macho yangu. Uzi wako wa mwisho! Nilikiweka kijiti chini nikalia kwa sauti, na Madam akaondoka chumbani kwa sababu alikuwa analia pia.

Nilipotulia nikautazama mkono wangu, nikakumbuka wako. Wewe ulikuwa ukizungusha kwa kulia, kijiti kinakwenda huku. Mimi kwa kushoto, kinakwenda kule. Nyuzi zetu zilisokotwa kinyume, zingeshikanaje? Wewe ungenicheka. Mimi nilijicheka baadaye sana.

Nikahamia kwenye mto wako wa kukalia, ule wa ukutani tuliokuja nao kutoka Jeddah, nikashika kijiti kwa mkono wa kulia. Vidole vikawa vizito kama vya mtoto wa chekechea na penseli yake. Uzi wa siku ya kwanza ulijaa vinundu, wa siku ya pili ukakatikakatika. Yalla, tena. Wiki mbili nilikaa juu ya mto wako kila baada ya kuosha vyombo, nikaitazama kazi kama ulivyoitazama wewe, na nikakukosa vibaya sana. Kisha ukatoka uzi. Nikausokota na wako uliobaki, nikauvuta kwa nguvu zangu zote, ukashika.

Salma amepata msichana. Yumo ndani ya shali sasa hivi, na Madam mwenyewe hajui kusokota kwako kumeishia wapi na kwangu kumeanzia wapi, maana uzi umekuwa mmoja. Ule wangu wa kinyume nimejifumia soksi.

Ikama yangu, kibali cha kuishi huku, imebakiza miaka miwili. Huyu mtoto hatakuwa wa kushika kijiti nikiwa bado hapa, kwa hiyo nimeanza na mama yake. Salma hana subira, amefanana nawe uso kabisa, lakini nimemkalisha ubavuni mwangu, si mbele yangu. Nakuahidi sitaondoka kabla uzi wake haujashika.

Pumzika, Shosho wangu. Nikirudi Murang'a, kijiti na finjani vitabaki kwa watu wako. Mimi nitakwenda na huu mkono wa kulia ulionipa.

Nyambura