Kibuyu cha Asali cha Baba Mkwe

Marahaba, Kalunde mjukuu wangu. Huku Urambo tu wazima, na mbuzi wa babu yako wamezaa. Unasema jino linakuuma, bima huna, na unaona haya kuuliza bei.

Enzi za Mwingereza, nikiwa bi harusi mpya, langu lilinivimbisha shavu. Mkamwana hasemi mbele ya baba mkwe, basi nikanyamaza. Siku ya tatu mzee akautazama ukuta, akasema, "Misheni wanang'oa meno, na asali wanaipokea." Akabeba kibuyu chake, akatangulia. Njia nzima hakugeuka, ila kila nilipochelewa alisimama akakohoa.

Nenda zahanati, mama, ukaulize. Mdomo wangu ulifungwa na mila. Wako umefungwa na nani?

Bibi yako