Tanga Nililolikaza Kama Turubai

Jumapili, mwezi wa nane. Hapa Makutano hakuna jua. Ule ukungu wetu wa Meru umekalia mabati tangu alfajiri, na manyunyu hayataki kunyesha wala kuacha. Sikwenda kanisani. Nilisingizia mgongo, na mgongo kweli unauma, lakini sio uliozuia miguu yangu. Sikutaka mtu aniulize habari za jana.

Basi nakuandikia wewe, ukurasa, kwa sababu huulizi maswali.

Nimevunjika moyo. Niliseme hilo kwanza, mengine yafuate.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mume wangu ni Murithi, mimi humwita Baba Makena. Alifanya kazi pwani miaka mingi, akifundisha wageni kupanda ubao wenye tanga. Mtoto wa wakulima wa kahawa! Kwao hawakuwahi kukubali kwamba hiyo ni kazi. Mwajiri wake alipofunga biashara alimpa ubao mmoja wa slalom, yaani ule wa mbio, na Murithi akauleta nyumbani umeviringishwa kwa blanketi kama mtoto mchanga. Ukalala stoo juu ya magunia ya mahindi. Mpango ulikuwa rahisi. Mwezi wa nane, upepo ukianza kuvuma kule Mbeere, tungeuteremsha hadi bwawa la Kamburu na yeye angeupanda.

Kisha sukari ikampanda, ikaenda kwenye macho.

Daktari alisema macho hayatarudi yalivyokuwa, na kwamba yataendelea kupungua. Murithi hakulia. Tulipokuwa tunatoka pale aliniambia kitu kimoja tu, kwamba anataka auone ule ubao ukipaa juu ya maji, hata mara moja, kabla giza halijamfunga. Na kwa kuwa yeye mwenyewe hawezi tena kuupanda, anayebaki ni mimi.

Mimi, fundi wa turubai.

Si kwamba sijui kitu. Likizo mbili nilizomtembelea pwani nilijifunza kwenye ubao mkubwa wa wanaoanza, mpana kama mlango, ambao hata ukikosea unakuvumilia. Huu wa slalom hauvumilii mtu. Ni mfupi na mwepesi, pezi lake la chini ni refu kama panga, na ukiwa umesimama tu unayumba chini ya miguu. Unataka kukimbia. Nilikuwa nauogopa tangu siku ulipoingia nyumbani, na sikumwambia.

Jana tukaenda na pikapu ya kukodi. Tulipopita Embu na kuanza kuteremka kuelekea Kiritiri, sweta zikatoka. Kule chini ni jua kali, vumbi jekundu, na upepo wa kung'oa kofia. Maji ya bwawa yalikuwa ya kahawia na yamejaa povu jeupe. Murithi aliteremka garini, akainua uso, akavuta pumzi na kusema, "Huu ndio wenyewe." Nilikuwa sijamwona na furaha kama ile kwa muda mrefu.

Alikuwapo mchunga mbuzi mmoja pale, Njiru, mtu wa makamo, mwenye maneno mengi. "Mama, hiyo ni hema ama ni nini?" akaniuliza. Halafu akatuonya: "Mamba wako ile side ya matete. Hapa kwa mawe hawakujangi. Lakini kule, usijaribu." Nikamshukuru. Nikayatazama matete, mkono wa kushoto, nikaapa moyoni kwamba nitaenda kulia tu, kuelekea ukuta wa bwawa.

Murithi ana sheria moja aliyokuja nayo kutoka kazini: anayepanda ndiye anayefunga. Kwa hiyo yeye aliketi kwenye jiwe na miwani yake myeusi, akaanza kumwuliza Njiru habari za mbuzi, nami nikabaki na kazi. Nikachomeka mlingoti kwenye tanga, nikaingiza fito za kulinyoosha, nikafunga ule mti wa kushikia, unaoitwa mkono, usawa wa kidevu changu. Mpaka hapo sikukosea.

Zikabaki kamba mbili. Kamba ya chini hulivuta tanga literemke kwenye mlingoti. Kamba ya nyuma hulivuta lijinyooshe kwenye ule mkono. Wiki nzima, nikipika, Murithi alikuwa ananiimbia wimbo huo huo: ya chini vuta kwa nguvu zako zote, mpaka ukingo wa nyuma kule juu ulegee na kupepea, ya nyuma iguse kidogo tu. Nilisikia. Niliitikia kila mara.

Nikavuta ya chini hadi viganja vikawaka moto. Ukingo wa juu ukaanza kulegea, ukapepea, sawasawa na alivyosema.

Nikashindwa kuvumilia.

Mtu ambaye hajashona turubai hataelewa. Baba yangu alikuwa fundi kule Kianjai, na mimi nimekulia chini ya cherehani yake. Lori likija kufungwa, alipiga turubai kwa kiganja. Lisipolia kama ngoma tulifungua na kuanza upya, hata kama dereva anatukana. Turubai linalopepea ni kazi mbovu, ni mahindi ya mtu kulowa njiani. Mikono yangu inajua hivyo kabla ya kichwa changu. Nikailegeza ya chini, nikaikaza ya nyuma mpaka hakuna kunyanzi hata moja. Nikalipiga kwa kiganja, upepo ukinivumia masikioni na wanaume wale wakicheka habari za beberu. Likalia. Nikaona fahari, mjinga mimi.

Nikamwita aje alikague. Pwani, watu walikuwa wakisimulia kwamba Murithi akiwa amesimama mchangani aliweza kumpigia kelele mgeni aliye mbali majini, kwamba kamba ya chini haijatosha. Alikuja polepole kwa sababu ya mawe, akasimama hatua mbili tu kutoka kwenye tanga, akainamisha kichwa upande kama alivyozoea.

"Iko sawa, Mama Makena. Iko sawa kabisa."

Nikaamini. Nilifikiri labda ukazaji wangu umekuwa bora kuliko maelezo yake.

Sitaki kueleza sana kilichofuata. Nilipanda, nikajifunga kulabu ya kiunoni, na tanga likaanza kunivuta mkono wa nyuma kama ng'ombe anayekataa josho. Upepo ukiongezeka kidogo, tanga halikuuachia hata kidogo. Likaninyanyua na kunirusha mbele, juu ya pua ya ubao. Nikarudi, likanirusha tena. Nikameza maji ya kahawia. Mlingoti ukanigonga begani. Kila nikiibuka nilikuwa najilaumu: umri, unene, woga. Nilikuwa nawaza kwamba mtu ameniomba kitu kimoja katika maisha yake, na mimi siwezi kumpa.

Nikarudi ufukweni nikiwa nalia. Murithi akaingia majini na viatu vyake, akalishika tanga ili lisiburuzwe. Mkono wake ukapita kwenye ukingo wa nyuma, ukapanda, ukateremka. Kisha akalipiga kwa kiganja.

Likalia kama ngoma.

"Aki wewe," akasema, na akaanza kucheka. "Umeikaza kama turubai ya lori!"

Nami nikaanza kucheka. Halafu kicheko chake kikakatika katikati, na changu kikafuata, kwa sababu tulifika mahali pamoja kwa wakati mmoja. Lile tanga alikuwa ameliangalia. Alikuwa hatua mbili, mchana kweupe.

"Leo mwangaza ni mwingi," akasema.

"Ni kweli. Mwangaza ni mwingi."

Kumbe nilikuwa najua. Chai iliyomwagika nje ya kikombe, nikasema ni uchovu. Kitabu cha nyimbo alichokishika kanisani bila kukifungua, nikasema anazijua kwa moyo. Simu aliyokuwa anampa kila mtu amsomee. Kila jambo nilikuwa nimelitafutia maelezo yake, na maelezo yote yakaniishia pale majini.

Akavunja sheria yake. Akakaa chini, akaegemeza mguu kwenye kitako cha mlingoti, akalifunga tanga mwenyewe kwa vidole, bila hata kuinamisha kichwa. Ukingo wa juu ukalegea na kupepea ovyo. Machoni mwangu lilikuwa limeharibika. "Haya," akasema. "Nenda. Nakuangalia."

Nikaenda.

Na ubao ukapaa! Kwanza ulipigapiga maji chini yangu, pa pa pa, kisha kelele zikakoma na nikawa sigusi kitu. Nikaingiza mguu mmoja kwenye ukanda wake juu ya ubao, halafu wa pili. Upepo ulipoongezeka, ule ukingo uliolegea ukafunguka juu ukauacha upite, nami nikazidi kukimbia badala ya kurushwa. Nilipiga kelele kama msichana. Nilikwenda kulia, kuelekea ukuta, na sijawahi kufanya kitu kizuri kiasi kile na mwili huu. Nikageuza kichwa nione kama ananiona.

Alikuwa amesimama juu ya jiwe, meno yote nje, mkono juu, ananipungia kwa nguvu.

Alikuwa ameelekea matete.

Kule hakukuwa na mtu. Njiru, aliyekuwa kando yake, alinitazama mimi, akamtazama yeye. Akainua mkono kama anayetaka kumshika bega amgeuze, kisha akaurudisha kwenye fimbo yake. Mimi nikaachia tanga, nikaanguka majini. Safari hiyo halikuwa kosa la upepo.

Nilipofika nchi kavu alinishika uso kwa mikono miwili. "Nimekuona," akasema. "Umepaa vizuri sana." Nikasema asante. Njiru akaenda kuwaita mbuzi wake, ambao hawakuwa wamepotea.

Sasa ni alasiri. Makena amepiga simu kutoka chuoni, na nimemsikia baba yake sebuleni akimsimulia. Anasimulia vizuri, ukurasa! Tanga la manjano juani, maji yakiruka nyuma yangu, magoti yangu yalivyokunjwa inavyotakiwa. Akasema nilipita karibu kabisa na matete, akadhani moyo wake utasimama kwa sababu ya mamba. Kisha akaniletea simu.

"Mama, kweli ulipita kwa matete?"

Baba yake alikuwa amesimama mbele yangu, uso wake ukielekea mlangoni, anangoja nijibu.

Nikasema kweli, nilipita huko.

Kesho nafungua duka. Kuna lori la mchanga linangoja turubai. Nitalishona, nitalikaza, kisha itanibidi nilipige kwa kiganja nisikie kama linalia. Sijui nitafanyaje hapo.