Gauni la Mama Linapanuka

Kaka yangu msomi,

Barua yako imefika. Cherehani yangu imepona, na paka kazaa tena juu ya nguo za wateja.

Nimemsomea Mama ile habari yako ya nyota: kwamba watu wanaona ulimwengu unapanuka, lakini wewe una maelezo mengine, huenda ni sisi na vipimo vyetu tunaosinyaa. Mama akacheka hadi akakohoa.

"Mwambie hata gauni langu linapanuka."

Ni lile la bluu ulilomtumia. Nimelipunguza kiunoni, nikalipunguza tena, na bado linamning'inia kama pazia. Anasema kitambaa ni kibaya, kinalegea. Nami, fundi mzima, naitikia, "Ndiyo, Mama, ni kitambaa."

Basi hongera, kaka, maelezo yako ni sahihi. Umeyaona ya mbinguni, ya kwa mama yako yamekupita.

Jana kanikataza kukata kilichozidi, eti ukija atanenepa. Nimelibana kwa pini tu. Barua hii usiijibu kwa kalamu. Ukichelewa utakuta nimelishona kabisa kwa kipimo chake cha mwisho, wala halitapanuka tena.

Dada yako,
Fundi